Una duka? Hivi ndivyo unavyoweza kusaidia familia zenye ukatili nyumbani bila kuwaongezea balaa

Kuna mteja wangu mmoja, mama wa watoto wawili, alikuwa ananunua sabuni mbili mbili. Leo anachukua mbili na risiti yake, kesho asubuhi anarudi na moja, haijafunguliwa, anasema nimrudishie hela. Namrudishia. Halafu ile hela anaisukuma tena kwenye kaunta, "niwekee hapo." Mara ya kwanza nilicheka, mara ya tatu nikaacha kucheka nikamuuliza taratibu, akaniambia bila kuniangalia usoni kwamba nyumbani risiti inakaguliwa na kila hela inahesabiwa, ila hakuna anayehesabu sabuni. Basi nikamfungulia ukurasa kwenye daftari, jina la mteja nikaandika "Sabuni". Nitarudi kwake baadaye.

Naandika haya kwa wenye maduka wenzangu manake watu wanadhani hii kazi ni ya polisi na mashirika tu. Hapana. Mtu anayefuatiliwa nyumbani hawezi kuaga "naenda kwa mwanasheria", ila "naenda dukani mara moja" anaruhusiwa. Hiyo ndiyo silaha yako pekee na ndiyo maana chochote utakachofanya lazima kifanane na manunuzi. Kikianza kufanana na msaada, umemharibia.

Hatua ya 1: Jua unachokiangalia

Shirika la Afya Duniani linasema karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi anayefanya ni mwenza wake. Sasa hesabu wateja waliopita kwako leo. Na usiishie kwa wanawake tu, kuna wanaume wanapigwa na wanaona aibu hata kujisemea wenyewe, kuna wazee wanaonyang'anywa hela na watoto wao, kuna mabinti wa kazi.

Watu wengi wanasubiri kuona jicho jeusi. Jicho jeusi utaliona mara chache sana, mengine yote yanapita mbele yako kila siku. Simu inaita mara nne ndani ya dakika kumi na kila ikiita mtu anashtuka, au ni simu ya video na anageuza kamera ili yule wa upande wa pili aone kweli yuko dukani. Mtoto anayerudia rudia "mama twende, atagomba". Mtu aliyekuwa anapiga stori na wewe nusu saa ghafla ananunua na kuondoka kama anakimbizwa. Anayenunua plasta na dawa za maumivu kila wiki. Anayeuliza bei ya kila kitu na mwishoni anachukua kitu cha mwenzake tu.

Moja nitaikazia. Mtu akija sauti imekwama, anameza kwa shida, macho yana vidoa vyekundu, huyo inawezekana amekabwa shingo. Wengi hawana alama yoyote nje. Kukabwa siyo "ugomvi wa kawaida", utafiti wa Marekani uliotoka 2008 ulikuta mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake uwezekano wa kuja kuuawa na huyo huyo unapanda zaidi ya mara 7. Na madhara ya ndani yanaweza kujitokeza saa nyingi baadaye, hata siku. Huyo ni wa hospitali, hata akisema yuko sawa mwambie hivyo.

Ila ukishaona usijifanye daktari wala hakimu. Unaweza kuwa umekosea. Kuona ni kwa ajili ya kuwa tayari tu.

Hatua ya 2: Andaa orodha kabla hujahitajika

Hapa ndipo wengi wanaruka, wanaanza na bango. Usianze na bango. Anza na karatasi moja yenye namba na sehemu: namba ya msaada ya taifa kama nchi yako inayo, kituo cha polisi na kama kina dawati la jinsia, hospitali inayohudumia waliofanyiwa ukatili, msaada wa kisheria wa bure, ustawi wa jamii, na nyumba salama au shirika linalojua jinsi ya kumfikisha mtu huko, manake nyumba salama nyingi hazitaji zilipo na ni haki yao.

Afu piga hizo namba zote mwenyewe. Serious, piga. Uliza usiku mnapokea? Mnapokea mama mwenye mtoto wa kiume mkubwa? (Nyumba nyingi zina kikomo cha umri kwa watoto wa kiume, na mama hataondoka akimwacha mtoto wake mmoja nje.) Mtu mwenye ulemavu je? Mnamfuata au anakuja mwenyewe? Nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza namba mbili kwenye orodha yangu hazikuwa zinapatikana kabisa na moja ilikuwa ya mtu aliyeshaacha kazi siku nyingi. Fikiria mtu amekusanya ujasiri wa miaka unampa namba iliyokufa.

Kwenye hiyo karatasi andika na masaa haya, yabandike ndani ya stoo wafanyakazi wayaone: mtu akibakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya siku 5, zote kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Kwa hiyo "tuongee wiki ijayo" siyo jibu.

Na mwambie nguo alizokuwa amevaa asizifue, azitie kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki, kwa sababu plastiki inafanya unyevu na ushahidi unaoza. Mifuko ya karatasi duka halikosi.

Hatua ya 3: Kaa na wafanyakazi wako, na uanze na umbea

Nitasema ukweli, tatizo kubwa la duka siyo kukosa moyo, ni mdomo. Duka ndiyo redio. Jambo likiingia saa mbili asubuhi, mchana limeshafika kwa shemeji. Kwa hiyo kabla hujamfundisha mtu lugha ya huruma mwambie sheria moja: kilichosemwa kwenye hii kaunta hakitoki, hakiendi kwa mke wako, hakiendi kwenye grupu, hakiendi hata kwa mchungaji au shehe kwa nia njema. Nia njema ndiyo imerudisha watu wengi kwenye kipigo, mtu kaenda "kuwapatanisha".

Kisha maneno. Ya kutumia ni machache tu:

"Pole sana."
"Nakuamini."
"Hili siyo kosa lako."
"Unataka nikusaidie nini sa hivi?"

Halafu nyamaza, msikilize. Maneno ya kuzuia ni mengi zaidi: kwa nini huondoki, ulimfanya nini, mbona mumeo mtu mzuri tu, vumilia kwa ajili ya watoto. Hata "mwache huyo leo leo" ni baya vilevile, ingawa linasemwa kwa upendo. Kuondoka ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote, mtu anayemmiliki mwenzake akiona anampoteza ndipo anapofanya makubwa. Anayejua saa ya kuondoka ni mwenyewe anayeishi mle ndani, siyo wewe unayefunga duka saa nne unaenda kulala.

Lingine, usidhani wafanyakazi wako wote wako upande mmoja. Kwenye kikao cha kwanza kuna kijana wangu mmoja alikaa kimya muda wote, wiki mbili baadaye akaja kuniambia yaliyokuwa yanatokea kwao, na aliyekuwa anafanya ni yeye. Kwa hiyo orodha yako iwe na sehemu ya kumpeleka hata huyo. Na jiangalie na wewe mwenye duka kwanza.

Hatua ya 4: Weka njia ya kuomba msaada bila kuongea

Hili wazo lilipata nguvu sana 2020 wakati wa korona, watu wamefungiwa ndani na wanaowapiga na sehemu iliyobaki wazi ni maduka ya dawa. Visiwa vya Canary huko Uhispania walianza, ukifika famasi unaomba "Mascarilla 19", yaani barakoa 19, muuzaji anaelewa anapiga simu ya dharura. Ufaransa nao wakatumia famasi. Uingereza Januari 2021 wakaja na ya kwao, unamuulizia "Ani", unapelekwa chumba cha pembeni.

Kuna na ishara ya mkono, iliyotolewa na Canadian Women's Foundation Aprili 2020: kiganja kinamwangalia mtu unayemwomba msaada, kidole gumba unakikunja ndani, halafu vidole vinne vinakifunika. Sekunde mbili tu. Novemba 2021 kule Kentucky, Marekani, binti wa miaka 16 aliyekuwa kwenye gari na mtu asiyetakiwa kuwa naye aliionyesha barabarani, dereva wa gari lingine akaitambua akapiga polisi wakamwokoa. Wafundishe wafanyakazi wote, haigharimu kitu.

Sasa kwako usiige tu. Kosa nililofanya mimi ni kubandika bango kubwa mlangoni, "Tunasaidia waathirika wa ukatili, ongea nasi". Nilijiona nimefanya jambo. Matokeo yake wateja wawili niliokuwa nawahisi ndiyo wakaacha kuja, na nadhani hawakuacha wenyewe. Anayepiga naye anajua kusoma! Nikalitoa usiku uleule nilipogundua. Weka habari mahali ambapo mtu anaingia peke yake: nyuma ya mlango wa choo cha wanawake, ndani ya chumba cha kujaribia nguo, kwenye rafu ya taulo za kike kwa chini. Karatasi ndogo za kuchana zenye namba tu, bila neno ukatili, bila picha ya mwanamke analia. Moja ninayoipenda mimi ni namba iliyoandikwa mwishoni mwa orodha ya bidhaa, inaonekana kama oda.

Neno la siri nalo liwe kitu ambacho duka lako halina kabisa, siyo kitu ambacho kweli mtu anaweza kuja kukinunua, utakuja kumburuta stoo mtu aliyetaka betri.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Yule mama wa sabuni alikuja asubuhi moja sijamaliza hata kufungua. Mtoto mkubwa kamshika mkono, mdogo kambeba, na miguuni kandambili mbili, moja ya bluu, moja ya kijani, zote za mguu wa kushoto. Nikajua. Nilidhani ataniambia niite polisi. Alichoomba cha kwanza ni kandambili.

Nasema hili kwa sababu sisi wasaidizi tunakuja na mpango wetu kichwani na mtu mbele yetu anataka viatu. Mpe viatu kwanza. Maji, kiti, choo, mtoto apewe kitu cha kuchezea. Stoo yangu siku hizi ina kona safi yenye viti viwili na chaja, mlango unafungika ila funguo anashika yeye, mtu aliyetoka kufungiwa usimfungie tena.

Kama kuna hatari ya papo hapo, piga namba ya dharura, hapo hakuna mjadala. Kama hakuna, muulize: una sehemu ya kwenda? watoto wengine wako wapi? ana silaha? anajua hili duka? Halafu mpe simu ya duka apige yeye mwenyewe kwenye zile namba. Usimwongelee, amekuwa anaongelewa miaka yote.

Simu yake ni kitu cha kushughulikia haraka, lakini kwa akili. Angalia kama lokesheni inamwonyesha mtu, kama akaunti yake imefunguliwa kwenye simu nyingine, kama kuna kifaa kidogo cha kufuatilia kwenye begi au mdoli wa mtoto. Ila usizime kila kitu kwa pupa akiwa bado hajaamua kuondoka, kuzima ghafla kunamwambia yule mwenzake kwamba kuna jambo. Na wewe USIMTUMIE MESEJI. "Uko salama dada?" ni meseji nzuri sana, shida ni nani ataisoma. Subiri akutafute yeye, au mkubaliane meseji ya kibiashara, mfano "mzigo umefika".

Kuhusu mkoba wa dharura: kopi za vitambulisho na vyeti vya watoto, dawa, funguo za ziada, hela kidogo, nguo moja moja, namba muhimu kwenye karatasi maana simu inaweza kunyang'anywa. Akiomba uutunze dukani, kubali kama una sehemu ya kufunga, uandike kama oda ya mteja kwa jina mlilokubaliana. Kama hujiamini, kataa vizuri na umtafutie sehemu nyingine.

Mtoto akija peke yake akakwambia kitu, usimhoji kama mpelelezi. Sikiliza, mshukuru kwa kukuambia, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, na upige ustawi wa jamii. Nchi nyingi sheria inadai utoe taarifa kuhusu mtoto.

Hatua ya 6: Vitu, hela na madeni

Familia ikishafika sehemu salama mara nyingi imefika mikono mitupu na hapo duka linaweza kusaidia kwa kazi yake lenyewe. Ongea na shirika wakuambie wanachokosa, usikisie. Karibu kila mara utasikia nguo za ndani mpya, pampasi, taulo za kike, miswaki, mafuta, daftari za shule, na mabegi. Mabegi! Watu wanahamisha maisha yao kwenye mifuko ya takataka, fikiria mtoto anavyojisikia.

Nguo za ndani za mtumba usitoe. Na kama unaweza toa kuponi badala ya vitu, aje achague mwenyewe rangi na saizi kama mteja yeyote. Kuponi isiandikwe jina la mpango, iwe karatasi ya kawaida ya duka. Mtu ambaye kila kitu kilichaguliwa na mwingine, kuchagua mswaki wa kijani badala ya mwekundu siyo jambo dogo.

Boksi la michango ya wateja ni sawa, hesabu iwe wazi na ipokelewe kwa maandishi. Mzigo upeleke sehemu ya tatu waliyokuelekeza, dereva wako asijue nyumba ilipo, na picha za wanaopokea usipige, hata migongo. Stetasi ya "leo tumegusa maisha" yenye watoto wanne nyuma inaweza kumwonyesha baba yao walipo.

Madeni sasa. Kama mume amekopa kwa jina la mke, au daftari ni la nyumba nzima, usimfuate yule aliyekimbia. Tenganisha kurasa. Kumnyima mtu hela na kumbebesha madeni ni sehemu ya ukatili wenyewe na duka linaweza kuwa linashiriki bila kujua.

Hatua ya 7: Akija yeye anayepiga

Atakuja. Mara nyingi anakuja mpole, amevaa vizuri, ana wasiwasi na familia yake. Jibu ni moja kwa wafanyakazi wote: "Wateja ni wengi, sikumbuki." Kamera huonyeshi, unamwambia zinaangaliwa kwa utaratibu wa polisi, basi, ila na wewe hifadhi ile picha pembeni kabla haijajifuta. Usimtukane, usimpe somo, usijifanye shujaa, akitoka hapo na hasira zinakwenda kumwangukia mtu mwingine. Akianza fujo, neno mlilokubaliana, mmoja anapiga polisi, wengine wanatoa wateja nje, hakuna anayemshika. Yule wa mama wa sabuni alinunua sigara, akauliza, akajibiwa, akasimama mlangoni dakika nzima akiangalia daftari langu la madeni lililokuwa wazi kwenye kaunta. Ukurasa wa "Sabuni" ulikuwa hapo hapo. Akaondoka.

Hatua ya 8: Ajira, kama una nafasi

Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 190 wa mwaka 2019 unataka nchi zitambue kwamba ukatili wa nyumbani unaingia mpaka kazini, na Ufilipino tangu 2004 mwanamke aliyefanyiwa ukatili ana haki ya likizo ya hadi siku 10 yenye malipo. Wewe huhitaji kusubiri sheria. Ukimwajiri mtu aliyetoka huko: mshahara mkononi mwake au kwenye akaunti ambayo ni yake peke yake, zamu zisiwe za saa zilezile kila wiki, asikae kaunta ya mbele kama hataki, ruhusa ya siku za mahakamani bila kununa, na asipigwe picha za matangazo. Na usimfanye mfano kwa wengine, kaja kuuza duka.

Zile namba za hatua ya pili zipige tena kila baada ya miezi mitatu. Mimi nazipiga siku ya kuhesabu stoo, ndiyo siku pekee nisiyosahau.